Kipimo cha Yusufu

Mikindani

Shoga yangu Somoe,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, korosho tumeshaanika, mengine ya huku tutazungumza tukionana. Nimekaa kimya kwa ajili ya mwanangu Yusufu, na ni yeye huyo anayenifanya niandike leo, maana wiki ijayo anakuja kwako Lindi kumaliza likizo.

Kwenye simu nilikwambia anaumwa, sikukwambia yote. Alikuta kidonge cheupe cha kufukuzia nondo kwenye sanduku la khanga za mama, akakinyonya akidhani pipi. Siku ya pili mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho manjano, anahema juu juu. Akaongezewa damu. Walipompima kimeng'enya kiitwacho G6PD jibu likaja zuri, nikashukuru Mungu. Daktari akasema tungoje, turudi baada ya miezi 3: chembe kuukuu za damu ndizo zilizopasuka, zilizobaki ni changa, na changa huwa nacho kingi. Tumerudi. Kiko chini sana.

Usishtuke, Somoe. Anacheza mpira mpaka magharibi. Kimeng'enya hicho hulinda chembe nyekundu. Kikiwa kidogo mtoto anaishi kama wenzake, hadi akutane na kitu cha kuzipasua. Ndipo ninapokuomba. Vidonge vile vyeupe vitoe nyumbani kabisa, hata vya kabatini. Hina ya harusi ya Zuhura asipakwe, hata ukucha mmoja. Homa ikimshika usimnunulie dawa dukani. Mpeleke zahanati na cheti nitakachomtilia begini. Ikiwa malaria, dawa ya mseto haina neno, ila primakwini na dawa za salfa asipewe kabla hawajakisoma cheti. Mbaazi ale ashibe.

Na mkojo. Uutazame kila asubuhi, nakusihi.

Lipo linaloniuma. Upungufu huu mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake. Basi marehemu kaka Bakari, alivyogeuka manjano tukamkimbiza kwa mganga… mama sijamwambia, sijui nianzie wapi. Daktari anasema watu wa pwani wengi tunao upungufu huo, na kwamba unapunguza makali ya malaria. Nimelisikia. Bado silali.

Asha anajifungua lini? Kwenu mtoto mchanga anapakwa hina siku ya arobaini? Kama ndiyo, utawazuia? Zahanati ya hapo mtaani inafunguliwa usiku? Na stendi utakuja kumpokea mwenyewe, au unamtuma mtu nisiyemjua?

Wako,
Mwanaisha