Acheni kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa moyoni miaka miwili sasa.

Dada yangu alifariki kwa kansa. Alikuwa mtu wa kanisani haswa, kwaya yumo, maombi ya alfajiri yumo, kutembelea wagonjwa yumo, na hata alipokuwa hawezi tena kukaa alikuwa anaomba tumsomee Neno. Sasa wiki chache kabla hajaondoka kaja kiongozi mmoja wa kanisa, kasimama pale kitandani akamwambia kuna dhambi hajaitubu, au basi imani yake haijafika, kwa sababu Mungu hawezi kumwacha mtu wake aumwe hivyo. Dada hakujibu, aligeukia ukutani. Na mimi nilinyamaza, hilo linaniuma mpaka leo.

Naandika kwa sababu najua hakuambiwa yeye tu. Mafundisho haya yameenea mno, kwamba ukiamini unapona na unafanikiwa, usipopona tatizo ni wewe. Jamani, Ayubu tumemweka wapi? Sura ya kwanza kabisa ya kitabu chake inasema alikuwa mtu mkamilifu, halafu anapoteza mali, watoto 10, na afya juu. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana hawakusema neno, na mimi naona hapo ndo walimsaidia kuliko wakati wowote, maana walipofungua midomo wakaanza tubu, tubu, lazima kuna kitu umefanya. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, na Ayubu aliyelalamika na kuuliza maswali mazito kweli kweli ndiye anaambiwa awaombee. Na sababu ya mateso yake hakuambiwa, soma mpaka sura ya 42 hutaikuta anaambiwa.

Halafu kuna Matendo 12, sura ambayo naona tunaihubiri nusu. Tunashangilia malaika kumtoa Petro gerezani, sawa, lakini mistari ya mwanzo ya sura hiyohiyo Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Yakobo huyu ni mmoja wa wale watatu waliopanda mlimani na Yesu. Imani yake ilipungua wapi? Luka aliyeandika kitabu hicho haelezi, anaandika tu kwamba huyu aliuawa na huyu akatoka. Na Paulo, ambaye leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu, aliomba mara 3 taabu aliyoiita mwiba katika mwili wake itoke na haikutoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Paulo huyohuyo alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto akiwa mgonjwa, na kijana wake Timotheo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na kuumwa kwake mara kwa mara, hakumwandikia kwamba imani yake ndogo.

Hata wanafunzi walikuwa na fikra hii, walimuuliza Yesu kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akasema si yeye wala wazazi wake.

Mtaniuliza basi kwa nini waaminio wanateseka. Najua tunayofundishwa, kwamba dunia imeharibika na viumbe vyote vinaugua kama Warumi 8 inavyosema, kwamba dhiki huleta saburi, na ninayaamini haya yote. Lakini ukiwa umemshika mtu mkono usiku na dawa ya maumivu imeisha nguvu, maelezo hayo hayafiki pale. Kilichofika kwa dada ni kwamba Yesu mwenyewe alilia Mungu wangu, mbona umeniacha, akiwa hana dhambi hata moja. Alikuwa anataka tumsomee habari za msalaba tu, na Zaburi ya 88 ambayo inaishia gizani bila hata neno la faraja, anasema huyu ananielewa.

Kuna mama mmoja wa kwaya alikuwa anakuja jioni, anafua mashuka, anakaa, anaimba taratibu, anaondoka. Hakuwahi kutoa mahubiri.

Kama yule kiongozi anasoma gazeti hili, simtaji na sitaki aaibishwe. Namwomba tu aje nyumbani amwone mama yetu, maana alikuwepo chumbani siku ile akasikia kila neno, na mpaka leo ananiuliza kama tungefunga siku nyingi zaidi mwanawe angekuwa hai.

Msomaji wako