Saa 2:00 ya nani?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi saa hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na kuna jambo limenikera tangu wiki iliyopita. Mtoto wa dada yangu kakosa usaili wa kazi kisa tangazo limeandika "saa 2:00" basi, hakuna asubuhi hakuna mchana, yeye akaitegesha simu vilevile 2:00 ya mchana, akafika saa nane mchana kachomekea shati vizuri, mlinzi anamwambia usaili ulikuwa asubuhi, wenzio wameshaondoka zamani.

Mtaani wakamcheka eti msomi mzima hajui saa. Mimi sikucheka. Saa ya mishale Mswahili haisomi kwa hesabu, anaangalia mshale mfupi ulipo halafu anasoma upande wa pili, mshale uko kwenye 8 mdomo unasema mbili, kwisha. Simu haina upande wa pili! Inakupa 14:00 kavu, utoe sita mwenyewe kichwani ndo upate nane.

Na ubongo nao una mambo yake. Kuna Mfaransa mtafiti wa ubongo anaitwa Stanislas Dehaene, mwaka 1992 alieleza kwamba namba kichwani inakaa kwa sura tatu, tarakimu unayoiona, neno unalotamka, na ule ukubwa wenyewe wa kujua hii nyingi hii chache. Ndo maana kuna wagonjwa walioumia ubongo, ukimwonesha tarakimu anaitamka siyo, ila ukimwekea tarakimu mbili akuchagulie iliyo kubwa anapatia. Hata sisi wazima, watafiti Moyer na Landauer walishapima mwaka 1967, kusema ipi kubwa kati ya 2 na 9 ni chap, kati ya 8 na 9 unasitasita kidogo, yaani hata kwa tarakimu tupu kichwa kinapima ukubwa wake.

Sasa Mswahili tarakimu inamwambia nane, mdomo unatakiwa useme mbili. Halafu unamwandikia 2:00 peke yake, ategemee nini?

Habari zenu huwa mnaandika "saa 2:00 asubuhi", hapo sina neno. Shida ni matangazo ya kulipiwa. Yarudisheni mpaka wenyewe waseme asubuhi au mchana, na ikiwezekana waandike kwa maneno, saa mbili asubuhi, wino hauishi kwa hilo.

Kijana nimempa saa ya mishale bure, ingawa mama yake anasema bora ningempa nauli ya usaili mwingine.

Fundi Saa,
Kariakoo, Dar es Salaam