Barua ya wazi kwa mamdogo wangu mwenye magoti mabovu

Shikamoo mamdogo.

Najua mambo ya mtandaoni husomi, ila yule mjukuu wako atakusomea kwa sauti huku anacheka, namuomba asiruke sehemu hata moja. Naandika hapa hadharani kwa sababu nikikupigia simu unageuza mada unaanza kuniuliza bei za vitenge, na pia kwa sababu wamama wa aina yako ninaowajua ni wengi mno hapa Mwanza, kuanzia soko la Mwaloni mpaka Igoma, magoti yamekwisha, presha iko juu, wakiambiwa wafanye mazoezi wanacheka wanavuta kigoda wanakaa.

Siku ile kwenye kikao cha harusi ulisema huna hamu ya mazoezi na hamu haiuzwi dukani. Watu wakacheka sana. Mi naona tatizo lako sio hamu hata kidogo. Mtu anayeamka usiku wa manane kuwahi dagaa wakishushwa, anashuka mlima wa Mabatini gizani kwa kushikilia mawe na magoti hayohayo, huyo unamwambiaje hana hamu? Hamu unayo ya kumwaga. Ulichokosa ni zoezi la mwili wako wewe, maana yote uliyowahi kuonyeshwa ni ya miili ya watu wengine.

Mwishoni mwa 2016 Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa, jambo zuri sana, na zile jogingi za alfajiri mpaka leo tunaziona, watu tisheti rangi moja wanaimba barabarani. Ila mtu ambaye goti linalia akiinuka tu kitandani, pale anaenda kufanya nini? Anaishia kibarazani kuwapungia mkono, alafu anarudi ndani anajiona yeye ndo mzembe. Ukija kwenye simu za watoto ndo balaa kabisa, binti wa miaka 22 anaruka ruka kwenye zulia anasema na wewe unaweza. Huwezi. Na hutakiwi.

Na yule daktari, sitaji wapi, alikwambia "mama punguza uzito" ukatoka na karatasi ya vidonge. Simlaumu kivile maana foleni unaiona mwenyewe, lakini kumwambia mtu apunguze uzito bila kumwambia anapunguzaje na miguu aliyonayo, hapo umemwachia aibu tu aende nayo nyumbani.

Sasa nisikilize kidogo mambo ya goti lenyewe, si unajua mi nashinda duka la dawa, kazi yangu kutwa ni magoti na migongo ya watu.

Unachosema kila siku, "nalipumzisha", ndo kinalimaliza. Lile gegedu la ndani ya goti, ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, linalishwa na ule ute unaozunguka mule ndani, na ute unazunguka pale goti linapochezeshwa. Ukikaa kwenye kigoda kifupi kutwa nzima unachambua dagaa, goti limekunjwa hivo hivo, ukiinuka lazima likushike. Alafu misuli ya paja ikilegea goti linabaki halina wa kulisaidia, mzigo wote unaangukia kwenye mfupa. Kwa hiyo kabla hata ya kuongelea kitambi tunaongelea paja.

Uzito nao una hesabu yake ambayo mi ilinishtua. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest kule Marekani, wa mwaka 2005, walichukua watu 142 wenye umri mkubwa, wanene na magoti yamesagika, wakakuta kila kilo moja mtu anayopungua inapunguza kama kilo nne za mzigo kwenye goti katika kila hatua. Kila hatua mamdogo. Yani ukitoa kilo tano tu, ambazo kwa kukuangalia hata mtu hatajua, goti lako linakuwa limetua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, kila unapokanyaga chini. Ndo maana mi sikwambii habari ya kurudi kuwa kama kwenye picha ya ubatizo wa mwanao wa kwanza. Kilo tano. Zikitoka tutaongea tena.

Mazoezi yenyewe nakupa ya kwenye kiti, na kiti kiwe kirefu cha kulia chakula sio kigoda. Ukikaa nyoosha mguu mmoja mbele mpaka unyooke wote, kaza paja, hesabu mpaka tano taratibu, shusha, hamia mwingine. Fanya hivo ukiwa unaangalia taarifa ya habari, unasubiri maharage yaive, unasikiliza kwaya, popote. Lingine ni kusimama na kukaa, kiti kiegemee ukuta kisiteleze, mikono weka juu ya meza, inuka, kaa taratibu bila kujibwaga. Hili la kusimama na kukaa linaonekana la kitoto ila ukifanya mara nane unahema, na ndilo linalokupa nguvu ya choo cha kuchuchumaa na ya kupanda daladala, mambo ambayo unayalalamikia kila siku. Lingine shika ukuta unyanyue visigino. Mikono nayo ina haki yake, chupa mbili za maji za lita moja na nusu zinatosha, nyanyua ukiwa umekaa, jasho linatoka vizuri tu na magoti hayajui kinachoendelea.

Ukiuliza muda gani, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na safari hii waliandika wazi kabisa kwamba hata wenye ulemavu na magonjwa ya kudumu wamo. Najua 150 inatisha. Lakini kwenye mwongozo huohuo ile habari ya zamani kwamba zoezi lazima liwe dakika kumi mfululizo ndo lihesabike waliiondoa. Dakika tatu zinahesabika. Tatu asubuhi, tano mchana wakati wateja wamepungua, nne usiku. Na kidogo wanasema ni bora kuliko sifuri, kwa hiyo usingoje mpaka uwe na nafasi, maana hiyo nafasi kwa biashara yako haitakuja mpaka ustaafu na wewe najua hustaafu.

Maumivu je? Yatakuwepo, mi sikudanganyi. Ukiumia kidogo wakati unafanya na kesho yake limetulia, endelea. Kesho yake likiwa limevimba au limekunyima usingizi, ulizidisha, punguza nusu usiache. Ila goti likiwa la moto, jekundu, limevimba ghafla, au kifua kinabana, au kizunguzungu, hapo sio mazoezi tena hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kilima chako. Kushuka kunaumiza goti kuliko kupanda, umeshaniambia mwenyewe, na ndivyo ilivyo. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza ule mbovu, wataalamu wa fiziotherapia, yani tiba ya mazoezi ya viungo, wote wanafundisha hivo. Na ile fimbo uliyoachiwa na babu unaishika mkono usio wake! Goti baya ni la kushoto, fimbo inatakiwa mkono wa kulia. Najua inaonekana kinyume, jaribu uone. Matembezi ya kujipumzisha usiyafanye mlimani, ukishafika chini ukamaliza biashara tembea sehemu ya tambarare, ile barabara ya kando ya ziwa Capri Point jioni upepo mzuri, ukichoka yapo mawe ya kukalia.

Kuna aliyekwambia uingie ziwani uogelee maana maji yanabeba mwili. Kweli yanabeba, na mazoezi ya majini kwa magoti ni mazuri sana, lakini ya bwawa safi, sio pale ufukweni penye majani na maji yametulia. Pale ndo makao ya konokono wa kichocho, na watu wa kanda yetu hii kichocho tunakijua, wataalamu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wamekitafiti miaka na miaka. Ukatibu goti upate tumbo na ini? Hapana. Kama kuna siku tutapata hela ya kuingia bwawa la hoteli tutaenda, tena nakuahidi sitacheka ukivaa dera majini.

Vile vidonge vya maumivu, mamdogo, hapa naongea kama muuzaji. Zile diklofenaki na ndugu zake unazomeza kila asubuhi kabla ya chai zinapandisha presha, zinachubua tumbo na figo zinaumia, na wewe una presha tayari unakunywa dawa ya kuishusha. Moja inashusha nyingine inapandisha, alafu tunashangaa. Usiache dawa ya presha hata siku moja, ila hizi za maumivu nenda ukaongee na daktari, na ukiwa huko omba uandikiwe fiziotherapia, hospitali ya Bugando wana idara nzima ya kazi hiyo, watu wengi wanapita pale nje hata hawajui.

Sasa lile jambo ambalo hatulisemi.

Mi naamini unaogopa kukonda. Sio peke yako. Wewe ni wa kizazi kilichoona, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya ziwa hili hili, na miaka iliyofuata mtu akianza kupungua mwili kijiji kizima kilikuwa kinahesabu siku zake. Nguo ikimpwaya mtu minong'ono inaanza. Ulizika rafiki zako, ulizika na dada yako. Baada ya hapo nani angekwambia kupungua ni afya ukamuelewa? Unene kwetu ukawa ndo cheti kwamba uko salama, unakula, mumeo anakutunza, biashara inatoka. Mpaka leo mtu akitoka likizo kanenepa anapongezwa, akirudi kapungua anavutwa pembeni, "vipi, kuna shida nyumbani?"

Kwa hiyo nikisema huna hamu nakuwa nakuonea. Unapigana na kitu kikubwa kuliko uvivu. Na mi sina jibu zuri la maneno ya watu sokoni, ila nina jibu la kijeuri, wakikuuliza unaumwa waambie ndiyo, naumwa magoti, nayatibu. Wakiendelea waulize wao presha zao ni ngapi. Nakujua, hilo swali utalifurahia.

Na ndo maana mizani achana nayo kwanza. Pima kwa mambo mengine, umeinuka kitini bila kushika meza, umefika nyumbani ukapumzika mara mbili badala ya nne, umepiga magoti kanisani ukainuka bila kuvutwa mkono. Hayo hakuna mtu atayaita kukonda.

Chakula nasema kifupi kwa sababu nikianza utazima simu. Mazoezi peke yake hayapunguzi kilo nyingi, wenzetu hao hao wa Wake Forest walitoa utafiti mwingine 2013, watu 454 wenye miaka 55 kwenda juu, waliofanya mazoezi tu kwa mwaka mmoja na nusu walipungua kama kilo 2, waliochanganya na mlo walipungua zaidi ya kilo 10. Ni kweli wenzetu walikuwa wanapewa mpaka vinywaji maalumu vya kukaa badala ya mlo, sisi hatuna hivo, sisi tuna sato. Basi sato huyo mchemshe na nyanya na ndimu badala ya kumzamisha kwenye mafuta, dagaa wako hao hao wana protini ya kutosha, ugali upungue mboga za majani ziongezeke, matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kula ila sio juu ya ugali. Na soda ya saa nne. Chupa ile ya mililita 350 ina vijiko vya chai nane mpaka tisa vya sukari, wewe kwenye chai ukiwekewa vitatu unagomba kwamba mtoto anamaliza sukari. Ukianza na hiyo soda peke yake, mengine ukayaacha kama yalivyo mwezi mzima, mi nitaridhika.

Kiti nimeshampa mjukuu wako hela anunue, cha mbao, kirefu, akiweke pale kwenye kibanda chako Mwaloni, na meza ya kuchambulia ipandishwe ilingane nacho. Fundi wa pale nimeongea naye. Kigoda mpe mtu mwingine mwenye magoti mapya. Na Jumatatu ya kliniki nakufuata mwenyewe na bajaji mpaka mwisho wa barabara, kwa hiyo usianze kusema mvua, bima yako iweke kwenye pochi kabisa.