Makao ya wenye ulemavu wa akili yakaguliwe bila taarifa

Mhariri,

Taarifa mliyochapisha kuhusu makao ya watu wenye ulemavu wa akili ilitaja zaidi majengo na vitanda. Naomba niongeze jambo moja: makao haya yakaguliwe bila kupewa taarifa mapema, na wakaguzi wawasikilize wakazi wenyewe.

Mkazi asiyeweza kusema hawezi kupeleka malalamiko ofisini. Mateso yake huonekana katika mwenendo: anaacha kula, anajipiga, anaogopa kuogeshwa na mhudumu fulani. Mara nyingi dalili hizo huitwa ukaidi, naye hupewa dawa za kumtuliza. Anayetambua tofauti ni mhudumu aliyeishi naye muda mrefu, na mishahara duni huwafukuza wahudumu wa aina hiyo. Mwaka 2011 nchini Uingereza, kamera ya siri ya BBC ilionyesha wagonjwa wakiteswa katika hospitali binafsi ya Winterbourne View. Muuguzi mmoja alikuwa ameshatoa taarifa kwa wakaguzi, hawakuchukua hatua. Baadaye wafanyakazi 11 walihukumiwa.

Ibara ya 16 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inataka vituo hivi vifuatiliwe na vyombo huru. Serikali zitekeleze hilo: wakaguzi wafike hata usiku, waandamane na mtu anayeweza kuwasiliana kwa ishara na picha, na mhudumu anayefichua ukatili alindwe kisheria asifukuzwe kazi.