Barua ya daktari isiandikwe "huenda"

Mhariri,

Maveterani wa jeshi la Marekani, wakiwemo wenzetu wahamiaji, hukwama kwenye madai ya ulemavu ilhali ugonjwa wanao na cheti cha hospitali wanacho. Kinachokosekana ni uhusiano kati ya ugonjwa huo na utumishi jeshini. Idara ya Maveterani (VA) hutaka uthibitisho wa ugonjwa wa sasa, tukio la wakati wa utumishi, na maoni ya daktari, yaani barua, yanayounganisha viwili hivyo.

Madaktari wengi husita wakidhani lazima wawe na uhakika kamili. La! Kipimo ni uwezekano wa angalau asilimia 50 kwamba ugonjwa umetokana na utumishi. Daktari akiandika "huenda" au "inawezekana", barua huhesabiwa kuwa ni ya kubahatisha. Aseme amesoma kumbukumbu husika za matibabu ya jeshini, kisha aeleze sababu: kwa mfano, goti liliumia vipi, na kwa nini jeraha hilo huzaa yabisi baadaye. Hitimisho lisilo na sababu halina uzito.

Basi, veterani, usiende kwa daktari mikono mitupu; mpelekee nakala za kurasa husika, si faili zima. Fomu ya DBQ (dodoso la VA kuhusu ulemavu) nayo hupima zaidi ukali wa ugonjwa, kwa hiyo haichukui nafasi ya barua.

Kwa magonjwa yaliyoorodheshwa chini ya sheria ya PACT ya 2022, inayohusu maveterani waliokumbana na sumu kazini, uhusiano huo huchukuliwa kuwa upo, mradi veterani alitumikia mahali na wakati unaotambuliwa.

Wasomaji wako,
Columbus, Ohio