Asilimia 30 ya nini, Mhariri?

Mhariri,

Haipiti wiki siku hizi bila kurasa zenu za biashara kutuletea kampuni iliyopunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kwa asilimia 20, au 30. Nilikagua hesabu za kampuni hadi nilipostaafu, na mazoea hayastaafu. Nikiona asilimia natafuta kilichogawanywa na kilichogawanya. Katika habari hizo mara nyingi sikioni hata kimoja.

Chukua kiwanda kilichopunguza gesijoto kwa asilimia 20 “kwa kila tani ya bidhaa”. Ikiwa katika kipindi hichohicho kimezalisha tani maradufu, basi jumla ya gesi zake imepanda kwa asilimia 60. Hakuna aliyedanganya, na mimi mwenyewe ningeitia saini taarifa hiyo. Ila kichwa chenu cha habari kikisema “Kiwanda chapunguza uchafuzi”, hapo sasa uongo ni wenu.

Jambo la pili ni mipaka. Mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto uitwao GHG Protocol, ambao toleo lake la kwanza kwa ajili ya kampuni lilitoka mwaka 2001, hugawa gesijoto katika mafungu matatu: zinazotoka kwenye mitambo na magari ya kampuni yenyewe; zinazotokana na nishati inayonunua, hasa umeme; kisha mengine yote, tangu malighafi inapochimbwa au kulimwa mpaka mteja anapoitumia bidhaa na kuitupa. Fungu hilo la tatu lilipata mwongozo wake kamili mwaka 2011, likiwa na vipengele 15, na ndilo linalorukwa kwa urahisi zaidi. Kwa muuza petroli ndiko uliko mzigo karibu wote, maana mafuta yanaungua kwenye gari la mteja, si ofisini kwake. Akituonyesha paneli za jua juu ya paa la makao makuu, tumpongeze kwa paneli, kisha tumuulize habari za petroli.

Najua jibu lake. Atasema gesi hizo tayari zimo katika hesabu za mteja, kwa hiyo zitahesabiwa mara mbili. Mhasibu hatishwi na hilo. Deni moja huandikwa katika vitabu viwili, kwa anayedai ni mali na kwa anayedaiwa ni dhima, na sijawahi kuona mtu akikataa kuandika deni lake eti limeshaandikwa kwa jirani. Yanayojirudia huondolewa unapotafuta jumla ya wote. Unapotaka kujua kampuni moja imefungamana na nini, yanabaki.

Kwenye bidhaa ndiko kwenye utamu zaidi. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa utafiti wa mifuko ya kubebea bidhaa. Ukipima mabadiliko ya tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki wa dukani. Ukitaka ulingane nao katika kila kigezo walichopima, idadi inaruka hadi mara 7,100. Mfuko ni uleule na watafiti ni walewale. Tena plastiki inayotupwa ovyo haikutiwa uzito, kwa kuwa huko walikofanyia utafiti waliona tatizo hilo ni dogo. Palipo na plastiki mitaroni, hesabu hiyo haiwezi kuchukuliwa nzimanzima. Kila mwamba ngoma huivutia kwake: muuza plastiki atanukuu 7,100, muuza pamba atanukuu 52, na wote wawili watakuwa na ukurasa wa kukuonyesha.

Ndiyo maana ISO 14044, kiwango cha kimataifa cha kutathmini athari za bidhaa kwa mazingira tangu malighafi hadi inapotupwa, hakiruhusu kampuni kutangaza hadharani kwamba bidhaa yake ni bora kimazingira kuliko ya mshindani mpaka jopo la wahakiki lipitie tathmini yenyewe. Swali la kumuuliza mtangazaji ni jepesi: jopo liliketi? Nasubiri kuliona likiulizwa gazetini mwenu.

Kuna na hizi “gesi zilizoepukwa”. Mtengenezaji wa taa za LED husema wateja wake wameokoa kiasi fulani kwa kutotumia balbu za zamani. Huenda ni kweli. Lakini analinganisha na jambo ambalo halikutokea, na makadirio hayo ameyachagua yeye. Mwongozo wa GHG Protocol unataka namba hiyo iandikwe mbali na yale mafungu matatu, isipunguzwe humo. Katika kazi yetu, mtu aliyetoa kwenye gharama zake fedha ambazo angetumia kama angekuwa mzembe zaidi asingepata saini ya mkaguzi.

Siwaombi mgeuke wahasibu. Naomba kila asilimia mnayochapa iambatane na jumla ya tani za mwaka wa kuanzia na za mwaka huu, pamoja na mafungu yaliyohesabiwa. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Kampuni ikikosa namba hizo, andikeni kwamba iliulizwa na haikuzitoa.

Mkaguzi mstaafu wa hesabu