Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu bibi yako

Marahaba baba. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu na sikulala, nimeona bora nikuandikie maana kwenye simu tukianza hii mada wewe unapandisha sauti mimi nalia, vocha inaisha hatujafika popote.

Umesema umeanza kusali Jumamosi, kitimoto umeacha, hadi chai ya rangi umeacha. Kwanza sijakasirika, na baba yako nae hajakasirika ingawa amenyamaza unavyomjua. Kwetu Upareni hilo sio geni, Wasabato waliingia huku mwaka 1903, koo nyingi nusu Walutheri nusu Wasabato na kwenye misiba tunazikana vizuri tu. Kama moyo wako umekuonyesha Jumamosi basi ishike, Paulo anasema Warumi 14 mmoja anatofautisha siku na mwingine anaona zote sawa, kila mtu awe na uhakika katika akili yake. Kilichoninyima usingizi ni lile swali lako la mwisho, kwamba sasa bibi aliyekuwa anauza tangawizi gulioni kila Jumamosi mpaka anakufa, amepotea?

Baba, hilo swali ni la zamani kuliko Walutheri na Wasabato wote. Fungua Matendo 15. Kuna watu walishuka Antiokia kutoka Uyahudi wakawaambia wale wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, msipotahiriwa kama desturi ya Musa hamwezi kuokoka. Ona hilo neno "msipo". Hawakuwakataza kumwamini Yesu, waliongezea tu kitu kimoja pembeni, na kitu chenyewe kimeandikwa kweli kwenye sheria ya Mungu, hawakukitunga! Mitume wakakaa kikao Yerusalemu, Petro akasimama akawauliza kwanini mnawatwisha hawa mzigo ambao baba zetu na sisi wenyewe tulishindwa kuubeba, akasema tunaamini tutaokoka kwa neema ya Bwana Yesu sisi kama wao. Petro huyohuyo Paulo anasimulia kwenye Wagalatia 2 kwamba Antiokia alikuwa anakula na watu wa mataifa, walipokuja watu wa Yakobo akajitenga mezani kwa kuogopa, Paulo akamkemea mbele ya wote. Ilikuwa mambo ya chakula tu hayo lakini Paulo aliona injili yenyewe inaharibika, maana ukishamwambia ndugu yako Yesu hatoshi mpaka na hiki, hata hicho kiwe kidogo kama kisoda, umeshamwambia Yesu hatoshi.

Najua utanijibu na Yakobo, imani bila matendo imekufa. Ni kweli, na ninaipenda hiyo barua sana ingawa Luther mwenyewe, mwanzilishi wa Ulutheri wetu, mwaka 1522 aliiita barua ya majani makavu, hapo mimi simfuati. Ila angalia kitu kimoja ambacho mimi nilikiona nikiwa mtu mzima na watoto watatu. Paulo na Yakobo wote wawili wanamtumia Ibrahimu, na wote wananukuu mstari uleule wa Mwanzo 15, Ibrahimu akamwamini Mungu ikahesabiwa kwake haki. Paulo anauliza, alihesabiwa lini, ameshatahiriwa au bado? Bado, maana tohara inakuja sura ya 17. Yakobo yeye anakupeleka sura ya 22, Isaka yuko juu ya kuni. Kati ya 15 na 22 ni miaka mingi, Isaka alikuwa hajazaliwa na hapo ameshakuwa kijana wa kubeba kuni. Paulo anaongea na mtu aliye mlangoni anayeuliza nilipe nini niingie, Yakobo anaongea na mtu aliyekaa ndani miaka na miaka na hakuna kinachoonekana. Sio kwamba wanagombana.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Wewe ulikuwa darasa la pili, mimi ndio nimechaguliwa mzee wa kanisa, kuna binti mmoja wa kwaya akapata mimba kabla ya ndoa. Tukakaa kikao, akatengwa, meza ya Bwana asishiriki mpaka atubu mbele ya usharika. Mimi nilinyoosha mkono, na nilinyoosha haraka baba, nilijisikia natetea sheria ya Mungu. Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu, amri ya sita kwa hesabu yetu Walutheri, usizini, iko palepale na dhambi ni dhambi. Ila baada ya kile kikao hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona. Baba yake alishamfukuza, alikuwa amejibanza kwa shangazi yake mzee kule juu, hana hata kuni. Jumapili inayofuata somo likawa Yakobo 2, pale ndugu anapokosa nguo na chakula na wewe unamwambia nenda kwa amani ukaote moto ukashibe halafu hujampa kitu, nikasikiliza nikatikisa kichwa kabisa kama anasemwa mtu mwingine.

Unajua nani alikwenda? Jirani yetu Msabato, yule mama wa ng'ombe wa maziwa. Kila Ijumaa kabla jua halijazama alipeleka mzigo wa kuni na maziwa ili Sabato imkute ameshamaliza. Na Jumamosi moja mtoto akashikwa na homa kali, aliacha ibada katikati akambeba mgongoni mpaka zahanati, na unajua ile njia ilivyo. Mwenyewe aliniambia baadae, Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, Bwana alisema. Halafu akaniambia kitu kingine, mama fulani usidhani mimi naishika ili niokoke, nimeshaokolewa ndio maana naishika. Huyo ndio Msabato baba, na kanisa lake ndivyo linavyofundisha, muulize mchungaji wako huko vizuri sio hao vijana wa hosteli.

Mwingine aliyekwenda ni bibi yako. Ile hela ya tangawizi ya Jumamosi unayoniuliza ndio ilinunua unga na nepi za yule mtoto miezi sita, nilikuja kujua bibi ameshakufa. Hakuwahi kutaja. Nilivyomfahamu mama yangu hata hakuona kama ni tendo jema, aliona ni Jumamosi tu kama Jumamosi nyingine. Luther, kwenye utangulizi wake wa Warumi, mwaka uleule wa 1522, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye pilika, haiulizi kama kuna matendo mema ya kufanya, kabla hujauliza imeshayafanya. Kila nikisoma hapo namwona bibi na kikapu chake.

Mimi ilinichukua miaka tisa kwenda kumwomba yule dada msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yeye akasema mama mimi nilishasahau, akanipakulia makande. Mtoto wake mwaka jana kapata kipaimara.

Kwahiyo swali lako, mimi siwezi kukaa kiti cha hukumu nikakuambia nani kapotea, na wewe huwezi. Ninachojua bibi alimtegemea Yesu akafa anamtaja, hakuwa na kitu kingine mkononi. Usimtundikie leo masharti ambayo Petro alikataa kuwatundikia watu wa Antiokia. Na kitu kingine, umeandika "nikikosea siku moja naona kama naanza moja upya", hapo ndio niliposhika kichwa, nani kakufundisha hivyo? Ukikosea tubu, osha uso, nenda kazini, wewe bado ni wake. Hujawahi kuanza moja upya kuwa mwanangu hata ile siku ulipouza mbuzi wa baba yako.

Tangawizi nimekufungia kilo nne, ni ya shamba la bibi, dereva wa basi la kesho anakujua kapokee stendi. Chai umeacha basi weka hata kwenye uji. Nipigie Jumamosi ukitoka ibadani, nitakuwa nimerudi gulioni.

Mama yako